Kidole cha Dzaleka, Mboni ya Dubai: Rekodi za Milango Inayotambua Watu

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, ina rekodi ambayo haisimuliwi sana vibarazani Chinsapo, mtaa wa Lilongwe. Mwishoni mwa 2013, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilipotaka kujaribu mfumo wake mpya wa kutambua watu kwa viungo vya mwili, ilichagua kuujaribu hapo: zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda kabla ya kugeuzwa kambi mwaka 1994. Karibu watu 17,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, walipita mezani mmoja mmoja. Walitoa vidole kumi, mboni mbili na picha ya uso. Kutoka Dzaleka mfumo huo, uitwao BIMS, ulisambaa hadi Thailand, Chad, Uganda na nchi nyingine nyingi.

Leo teknolojia hiyo imeshuka hadi madukani. Mwenye stoo ya mahindi, mwenye zahanati ndogo, kanisa lenye vyombo vya muziki, hata wakala wa pesa za simu wa Mpamba au Airtel Money anauliza: niweke mlango wa kidole, wa uso, au wa jicho? Muuzaji humjibu kwa rekodi. Huu ni wa kasi kuliko yote, ule ni sahihi kuliko yote, na ule mwingine hutumika uwanja wa ndege wa Dubai. Ni kweli, rekodi hizo zipo. Lakini kila moja iliwekwa na watu wenye mikono ya aina fulani, chini ya taa fulani, wakiwa na umeme usiokatika. Kabla ya kununua, ni vizuri kujua rekodi imetoka wapi.

Jambo moja litangulie. Kila mlango wa namna hii unaweza kukosea kwa njia mbili: kumpokea asiyestahili, au kumkataa mwenye haki. Ukikaza skrubu ili mgeni asipite, siku moja utamfungia nje mwenye nyumba. Ukiilegeza ili mwenye nyumba asisumbuke, mgeni naye anapata mwanya. Hakuna mashine iliyoyakwepa yote mawili, na anayekuahidi hivyo hajui anachouza.

Kubwa kuliko zote

Daftari kubwa la miili ya watu kuliko yote duniani ni Aadhaar ya India. Lilianza Septemba 2010 katika kijiji cha Tembhli, jimbo la Maharashtra, na sasa lina watu zaidi ya bilioni 1.3. Huko nako walichukua vidole kumi, mboni mbili na uso, kama Dzaleka. Sababu ni hesabu. Tuseme kisomaji cha kidole kimoja hukosea mara moja katika kila ulinganisho 10,000. Kwenye stoo ya watu kumi, mgeni akijaribu ana nafasi moja hivi katika 1,000 ya kufunguliwa kwa bahati. Orodha ikifika watu 1,000, nafasi hiyo inakaribia moja kwa kumi. Ikifika milioni moja, mgeni atafanana na mtu fulani bila shaka yoyote. Ndiyo maana madaftari makubwa yanahitaji vidole vyote na macho juu yake, na ndiyo maana stoo ya watu wanane haihitaji hayo. Muuzaji anayekutajia Aadhaar mbele ya mlango wa watu wanane anakuuzia lori la kubebea kiberiti.

Kwetu Afrika Mashariki, kazi kubwa zaidi ilifanyika Uganda. Mwaka 2018 serikali ilikuwa ikihesabu wakimbizi karibu milioni 1.4, huku minong'ono ya majina hewa ikiwa imefika kwa wafadhili. Kati ya Machi na Oktoba mwaka huo, serikali na UNHCR waliwapitisha watu kwenye BIMS kambi kwa kambi, na waliothibitishwa wakawa takribani milioni 1.1. Wengine walikuwa wameshahama au hawakufika mezani, lakini wafadhili walibaki na ile tofauti ya laki tatu.

Kwa kasi, Malawi yenyewe haiko nyuma. Mwaka 2017 Ofisi ya Taifa ya Usajili iliandikisha watu wazima zaidi ya milioni 9 kwa siku 180, kwa alama za vidole, katika nchi ambayo hadi wakati huo raia wengi hawakuwa na kitambulisho chochote.

Kongwe kuliko zote

Mwaka 1858, huko Jangipur katika Bengali, ofisa Mwingereza William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja, Rajyadhar Konai, abandike kiganja chake chenye wino mgongoni mwa mkataba wa vifaa vya barabara. Wakati huo Herschel hakuwa akitafuta sayansi. Alitaka tu kumtia mtu hofu asije akaukana mkataba wake. Baadaye, Kolkata, ofisi ya polisi ilianzisha utaratibu wa kuzipanga alama katika visanduku 1,024 ili karatasi moja ipatikane kati ya maelfu. Utaratibu huo ulipewa jina la Edward Henry, bosi wao, ingawa hesabu nyingi zilifanywa na wasaidizi wake Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Bosi kuchukua sifa ya wasaidizi ni rekodi nyingine ya kale, nayo haijavunjwa.

Mfumo mkongwe kwetu ni kipande. Sheria yake ilipitishwa Kenya mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa vita vya kwanza vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na maneno ya mwajiri huyo, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Bila kipande huruhusiwi kuondoka shambani kwenda kutafuta kazi pengine, na mwajiri asipotia sahihi ya kukuachia, ukienda unahesabiwa mtoro. Yaani mlango uliofungwa kwa kidole ulikuwepo karne nzima kabla ya mashine za Chinsapo, nao ulikuwa upana wa nchi. Mwanaharakati Harry Thuku aliwakusanya watu dhidi ya kipande miaka ya 1921 na 1922. Alipokamatwa, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi tarehe 16 Machi 1922, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliosonga mbele, naye akauawa kwa risasi pamoja na watu wengine wengi. Karatasi yenyewe iliendelea kuning'inia shingoni kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo. Gandhi naye alikuwa amepambana na sheria ya alama za vidole kwa Waasia wa Transvaal, Afrika Kusini, tangu 1906.

Nayataja haya kwa sababu wauzaji husema watu wanakataa kugusa kisomaji kwa ushamba. Wengine wanakumbuka, au wamesimuliwa na babu zao.

Sahihi kuliko zote

Hapa ubishi ni mdogo: mboni. Michirizi ya mboni hujipanga kwa nasibu mtoto akiwa bado tumboni, kiasi kwamba jicho la kulia na la kushoto la mtu mmoja hayafanani, wala macho ya mapacha. John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipata hataza yake mwaka 1994 kwa njia ya kuigeuza michirizi hiyo kuwa msimbo wa baiti 256, herufi chache kuliko aya hii. Falme za Kiarabu ziliweka visomaji vya mboni mipakani tangu 2001, hasa kuwanasa waliofukuzwa wanaorudi kwa pasipoti mpya. Mwafrika Mashariki aliyekwenda kutafuta riziki Dubai anaijua ile kamera. Kutokana na mboni 632,500 za mipaka hiyo, Daugman alifanya ulinganisho bilioni 200 na kuchapisha matokeo mwaka 2006: kwa kipimo kilichokazwa ipasavyo, hakukuwa na jicho lililochukuliwa kuwa la mtu mwingine.

Matumizi ya mboni kwa wakimbizi yalitangulia Dzaleka. Mwaka 2002 UNHCR iliitumia Pakistan kwa Waafghani waliokuwa wakirudi nyumbani, ili mtu asipokee msaada wa safari mara mbili. Jordan, kuanzia 2016, wakimbizi wa Syria katika kambi ya Zaatari walinunua chakula kwa kutazama kamera ya keshia.

Tena rekodi ya kwanza duniani iko Pembe ya Afrika. Somaliland iliandikisha wapiga kura kwa vidole kuelekea uchaguzi wa 2010 na daftari likajaa watu walioandikwa mara mbili na zaidi. Basi kwa uchaguzi wa rais wa Novemba 2017 ikageukia mboni, na ikawa ya kwanza popote kupiga kura kwa daftari la macho. Kwa watu wanaofanya kazi za mikono, wachungaji, wachota maji, wafyatua matofali, jicho halichakai kama ncha ya kidole.

Kwa nini basi kila stoo isiwe na kisomaji cha mboni? Kwa sababu kamera zake bado ni ghali, zinataka mtu asimame vizuri na afungue macho, na jua kali la saa saba mchana huzisumbua. Zaidi ya hapo, watu wetu hawapendi kutoa jicho. Nairobi mwaka 2023 ilionesha kinyume kwa muda: maelfu walipanga foleni mradi wa Worldcoin uwapige picha za mboni kwa malipo ya sarafu za kidijitali, hadi serikali ilipoisimamisha shughuli hiyo Agosti. Ila foleni ile ilikuwa ya fedha, na mlango wa stoo hauwalipi wafanyakazi kwa kuutazama.

Rahisi kuliko zote, na dhaifu kwa wafanyao kazi

Kidole ndicho kinachouzwa zaidi, kwa bei ndogo zaidi, na ndicho nitakachokitetea na kukishambulia kwa pamoja. Kina ushahidi mzuri hapa hapa Malawi. Katika msimu wa kilimo wa 2007, watafiti Giné, Goldberg na Yang walifanya jaribio kwa wakulima wa paprika waliokopa pembejeo, wilaya ya Dowa ikiwemo. Kundi moja lilichukuliwa alama za vidole na kuelezwa kwamba mdaiwa sugu sasa atatambulika hata akibadili jina. Kundi lingine halikuchukuliwa. Wale waliotazamiwa kuwa walipaji wabaya zaidi walirejesha mikopo kwa kiwango cha juu sana kuliko wenzao wasiochukuliwa alama, na kwa walipaji wazuri hapakuwa na tofauti ya maana. Kidole kilifanya kazi kwa sababu jina lilikuwa rahisi kubadilishwa.

Lakini mlangoni, kidole hicho hicho kinaletwa na mtu aliyetoka kufyatua matofali, kufua, kupalilia au kufunga tumbaku. Matuta ya ngozi yamelika, yamepasuka, au yamejaa saruji, na mashine inamkataa mara ya tatu mbele ya wateja. Wazee nao ngozi hukauka. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kufuta alama kabisa: mwaka 2009 madaktari wa Singapore walieleza kisa cha mgonjwa wao aliyezuiwa saa nne uwanja wa ndege Marekani kwa kukosa alama za vidole. Na wapo waliozaliwa bila matuta hayo. Daktari Peter Itin wa Uswisi alikutana na mwanamke wa namna hiyo mwaka 2007, aliyesumbuliwa kuingia Marekani, na hali yake akaiita kwa utani ugonjwa wa kucheleweshwa na uhamiaji.

Rekodi ya udanganyifu wa bei nafuu ni ya Tsutomu Matsumoto wa Yokohama. Mwaka 2002 alitengeneza vidole bandia kwa jelatini, ile ile ya peremende, akavijaribu kwenye visomaji 11 vya aina mbalimbali. Vyote viliweza kudanganywa, na mara nyingi. Visomaji vya sasa vizuri hupima uhai wa ngozi. Vya bei ya chini husema tu kwamba vinapima.

Kuna udhaifu wa bei ndogo zaidi hata kuliko jelatini, na sijaona muuzaji anayeutaja. Visomaji vingi vya rejareja hubeba ndani yake ile swichi inayofungua kufuli, na kisomaji kimebanwa ukutani nje. Mwizi hahitaji kidole cha mtu. Anakibandua kwa bisibisi, anagusanisha nyaya mbili, mlango unafunguka. Dai swichi iwe kwenye kisanduku cha ndani. Swali hilo moja litakuonesha fundi wako anajua kazi au la.

Kasi kuliko zote

Uso. Hakuna kugusa, hakuna kusubiri, na foleni ya asubuhi inakwenda. Uwanja wa ndege wa Changi, Singapore, tangu 2024 unawapitisha wasafiri kwa uso na mboni bila kuonesha pasipoti. Ila kuna ripoti ambayo kila mnunuzi wa Afrika angepaswa kuisoma. Desemba 2019 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 za utambuzi wa uso. Makosa ya kumpokea mtu asiye ndiye yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na machache zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Kwa programu nyingi tofauti ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100. Programu bora kabisa zilionesha tofauti ndogo, lakini huwezi kujua ipi imo ndani ya kile kifaa cheupe kisicho na jina unachooneshwa mjini. Dawa ni kukijaribu dukani: leta mtu na ndugu yake wanaofanana, kisha leta picha ya mmoja kwenye simu. Kikifungua kwa picha, ondoka.

Umbo la kiganja lilipata utukufu wake Atlanta, Olimpiki ya 1996, lilipolinda kijiji cha wanamichezo. Mashine zake ni kubwa na imara, na hazijali matope. Mishipa ya kiganja, inayosomwa kwa mwanga usioonekana na ambayo benki za Japani zilianza kuitumia kwenye mashine za fedha mwaka 2004, ni ngumu mno kuigiza. Zote mbili ni nzuri. Sijui kama utapata fundi wa kuzitengeneza Lilongwe siku zikiharibika, na hilo linatosha kwangu kuziacha.

Mbaya kuliko zote

Agosti 2019 watafiti waliokuwa wakichunguza intaneti waliikuta wazi hazina ya BioStar 2, mfumo wa milango wa kampuni ya Suprema ya Korea Kusini. Ndani yake zilikuwamo alama za vidole za watu zaidi ya milioni moja, pamoja na nyuso na maneno ya siri. Miaka minne kabla yake, alama za watu milioni 5.6 ziliibwa kwenye ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani. Ufunguo ukipotea unabadili kitasa. Vidole ulivyonavyo ni kumi, na umepewa mara moja.

Na kuna aibu isiyohitaji mwizi. Kaskazini mashariki mwa Kenya, familia za Wakenya Wasomali zilijiandikisha kama wakimbizi miaka ya ukame ili zipate chakula cha kambi za Dadaab. Watoto wao walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, kidole kiliita rekodi ya ukimbizi na wakanyimwa uraia wa nchi waliyozaliwa. Ni maelfu ya watu, na baadhi yao walisubiri miaka mingi. Mashine haikukosea hata kidogo, kwani kidole kilikuwa chao kweli. Anayeijua Dzaleka anaelewa uzito wake. Tangu amri ya serikali ya Malawi ya Machi 2023 ya kuwarudisha wakimbizi kambini, wenye maduka mitaa ya Lilongwe wamejifunza kwamba jina lako limeandikwa katika daftari gani ni jambo linaloweza kufunga biashara.

Umeme, basi

Tarehe 4 Machi 2013 Kenya ilipiga kura kwa vifaa vya kutambua vidole. Vingi vilizimika kabla ya jioni, betri zikiwa zimekwisha, na makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Malawi, Januari 2022, kimbunga Ana kiliharibu kituo cha Kapichira kwenye mto Shire na kuondoa megawati 130 kwenye gridi kwa mpigo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi, kabla ya kidole au uso, ni hili: umeme ukikatika, mlango unabaki umefunguka au umefungwa? Kufuli la sumaku huachia papo hapo. Giza likiingia stoo iko wazi. Kufuli la ulimi wa umeme kwa kawaida hubaki limefunga, na kwa hilo lazima ndani kuwe na kitasa cha mkono ili mtu asiungulie humo moto ukitokea.

Kwa stoo ya Chinsapo yenye watu wasiozidi ishirini, ningeweka kadi na kidole pamoja. Kadi inasema wewe ni nani, mashine inalinganisha kidole na kidole kimoja tu, na zile hesabu za hatari hazikui. Andikisha vidole viwili vya kila mtu, cha mkono usiotumika sana kazini kwanza. Alama zibaki ndani ya kadi au kifaa, zisipelekwe kwenye seva ya mtu usiyemjua. Sheria ya ulinzi wa data ya Malawi ya 2024 inazihesabu kuwa taarifa nyeti, na wewe mwenye mlango ndiye utakayeulizwa. Betri iwe ya saa nyingi kuliko mgao wa umeme. Mfyatua matofali aliyekataliwa mara tatu apewe namba ya siri bila kudhalilishwa. Kufuli la ufunguo libaki, na funguo mbili ziwe kwa watu wawili wasiolala nyumba moja. Mfanyakazi akiacha kazi, alama zake zifutwe siku hiyo hiyo, mbele yake.